Supu ya phở inatoka na ukungu, tena inanukia pilau: kosa liko kwenye viungo, moto au mifupa?

#1 Sufuria_Lita10
Wakuu, habari za humu. Naomba wanaoijua phở ya ng'ombe, ile supu ya Vietnam yenye tambi za mchele, watufafanulie. Vipimo hivi hapa: mifupa mchanganyiko kilo 2, maji lita 5, tangawizi kipande cha kiganja, vitunguu maji viwili, mdalasini vijiti viwili, karafuu kumi, iliki kumi, pilipili manga kijiko cha chai. Vyote vimeingia sufuriani tangu mwanzo, vikachemka kwa saa nne.
Matokeo: supu imekuwa rangi ya maji ya kuoshea mchele, juu mafuta unene wa kidole, na harufu ni ya pilau kabisa. Tambi za mchele nazo zimevurugika bakulini kabla mtu hajafika nusu. Dai langu ni kwamba kosa ni viungo. Nani ana dai lingine?

#2 Karafuu_Tatu
Harufu ya pilau umeiita mwenyewe, mkuu. Mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga ni pilau iliyokosa bizari tu. Phở haina iliki hii yetu ya kijani. Kiungo kinachoibeba ni anisi ya nyota, lile tunda kavu la kahawia lenye pembe nane, na wewe hukuliweka hata moja.
Kwa supu inayobaki lita 4 mwishoni: anisi ya nyota 5, mdalasini kijiti kimoja cha urefu wa kidole, karafuu 3, thảo quả 1, mbegu za giligilani kijiko cha chakula, mbegu za shamari kijiko cha chai. Zungusha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 2 hadi 3. Zikianza kunukia epua hapo hapo, anisi ikiungua inaacha uchungu usioondoka. Funga kwenye kitambaa cha shashi, tumbukiza ikibaki dakika 45, kisha utoe. Saa nne ni kuvinyonga viungo.

#3 MkaaNaMajivu
Viungo vinahusu harufu, ukungu ni jambo jingine. Ukungu ni moto. Supu ikitokota kwa nguvu, mafuta yanapigwa yanakatika vitone vidogo mno, na ule ute unaotoka kwenye mifupa unavishika visipande tena juu. Hapo hata uchuje kwa kitambaa mara tatu, haitakata.
Kipimo cha macho: uso wa supu uwe umetulia, viputo viwili vitatu vipande upande mmoja wa sufuria, basi. Kwenye jiko la mkaa, ukishachemka mara ya kwanza funika makaa kwa majivu na ufunge mlango wa jiko robo tatu. Kwenye gesi, sogeza sufuria pembeni moto uguse ubavu mmoja tu. Mfuniko uache wazi nusu, ukifunika kabisa inatokota huku huioni.

#4 Bwana_Kidari
Naomba kutofautiana na #3. Moto unaharibu supu ambayo tayari ni safi. Hii ya mtoa uzi ilichafuka kabla moto haujafanya lolote, maana hakuchemsha mifupa na kumwaga. Hakuna fundi wa phở anayeruka hatua hiyo.
1. Loweka mifupa kwenye maji baridi yenye chumvi kijiko kimoja, saa 1 hadi 2, mpaka damu itoke.
2. Weka kwenye maji mapya, moto mkali, ichemke kwa fujo dakika 5 hadi 10. Litapanda povu la kijivu linalonuka.
3. Mwaga maji YOTE. Osha kila mfupa chini ya bomba, sugua kwa kidole sehemu zilizoganda damu, hasa ndani ya tundu la uti. Osha na sufuria yenyewe, ukuta wake umeshikwa na utando ule ule.
4. Sasa maji safi, na sasa ndiyo unafuata majivu ya #3.
Jambo lingine dogo ambalo watu hawaliangalii: mwambie wa buchani akate mifupa kwa msumeno. Shoka linaacha chembe za mfupa, na chembe zile zinakaa chini ya bakuli kama mchanga.

#5 Sufuria_Lita10
Asante wakuu. #4, mifupa ipi hasa? Mimi nilichukua ya mguu mingi kwa sababu ina uboho.

#6 Bwana_Kidari
Ndiyo ule unene wa kidole wa mafuta. Uboho ni mafuta. Changanya: kilo 1 ya goti, maana gegedu ndilo linalotoa ute unaofanya supu ishike midomo. Nusu kilo ya mguu wenye uboho, inatosha. Nusu kilo ya mkia kwa utamu wa nyama. Halafu kidari kizima cha gramu 700 kiingie humo humo, kikiiva kwa saa moja na nusu kitoe na ukitumbukize mara moja kwenye maji baridi dakika 10. Ukikiacha hewani moto moto kinakauka na kugeuka cheusi. Kikipoa, kata vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi.

#7 DaniaMombasa
Kongoro je? Huku kwetu kongoro ndilo la kwanza mtu akitaka supu nzito.

#8 Bwana_Kidari
Moja, lisizidi, na liwe limechunwa ngozi. Kongoro la kubabuliwa kwa moto lina harufu yake nzuri kwa supu ya makongoro, lakini ndani ya phở ile harufu ya nywele zilizoungua inatawala.

#9 PreshaYaJikoni
Nawasoma #3 na #4 mkivutana. Kuna ushahidi unaowasumbua wote wawili: sufuria ya presha. Mle ndani joto linapita nyuzi 100, ilhali ukipika mifupa iliyooshwa vizuri supu inatoka kioo. Sababu ni kwamba presha ikisimama pale pale, maji hayatokoti kabisa, hakuna viputo vya kupiga mafuta. Kwa hiyo si ukali wa joto, ni msukosuko.
Saa 1 na robo inatosha. Lakini zima jiko na UIACHE ishuke yenyewe, hata ikichukua dakika 40. Ukiinua kibati utoe mvuke kwa haraka, maji yote yanalipuka kutokota kwa pamoja na supu inakuwa maziwa ndani ya nusu dakika.

#10 MkaaNaMajivu
Hapo umeniunga mkono mimi, msukosuko ndio moto mkali. Ila ladha ya presha hailingani na ya saa sita za taratibu. Presha inafunga kila kitu ndani, hata ile harufu nzito ya ng'ombe ambayo ilipaswa iondoke na mvuke.

#11 MkaziWaHanoi
Niko Hà Nội, salamu kwenu. Niseme mawili.
La kwanza, Karafuu_Tatu, orodha yako ni sahihi lakini imeegemea kusini. Kaskazini anisi ni chache, 2 au 3 kwa lita 4, na shamari wengi hawaweki kabisa. Bakuli la hapa ni la kunukia ng'ombe na tangawizi kwanza, viungo vinasikika kwa mbali. Majani juu ni ya kitunguu na giligilani kidogo, pembeni kuna siki yenye kitunguu saumu na pilipili, pamoja na quẩy, unga mrefu wa kukaanga usio na sukari wa kuchovya. Mrehani, chipukizi za choroko na ule mchuzi mweusi mtamu wa soya ni mambo ya Sài Gòn. Baada ya nchi kugawanywa mwaka 1954 watu wengi wa kaskazini walihamia kusini na phở yao, na kusini wakaiongezea kila wanachokipenda.
La pili, mapishi ya zamani ya hapa yana kitu kinaitwa sá sùng, mnyoo wa baharini aliyekaushwa, anatoka pwani ya Quảng Ninh. Unakaangwa kavu kisha unaingia na mifupa, unatoa utamu usio wa sukari. Siku hizi bei yake haikamatiki, wengi wanatumia kamba wakavu au ngisi mkavu. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, uduvi mkavu unafanya kazi hiyo vizuri: gramu 20, kaanga kavu dakika mbili, funga kwenye kitambaa, toa baada ya saa moja. Ukizidisha supu itanuka bahari.

#12 Shangazi_Mrehani
Vijana mmesema vizuri ila mdalasini mmeupita haraka. Mdalasini wa Vietnam, quế, ni gamba nene, gumu, lililojikunja mkunjo mmoja, na ni mkali mpaka unauma ulimi. Wa Unguja ni ule wa magamba membamba yaliyopangana kama karatasi, unavunjika kwa vidole, harufu yake ni laini na tamu. Ukiona pishi la Kivietnam limesema kijiti kimoja, wa Unguja weka kimoja na nusu. Karafuu ni kinyume chake. Karafuu ya Pemba mpya ina mafuta mengi, mbili zinatosha, ya tatu ni kwa anayeipenda. Kumi za mtoa uzi ndizo zilizomtia kwenye pilau, si iliki.
Na asiye na anisi ya nyota asikate tamaa. Harufu ile inatokana na anetoli, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye shamari. Shamari vijiko vitatu vya chai inakaribia anisi tano. Haifiki, lakini inakaribia kuliko iliki itakavyowahi.

#13 Karafuu_Tatu
Shangazi, kwenye karafuu nakukubalia. Kwenye iliki bado. Iliki kumi kwenye lita 5 ni chai ya maziwa ile.

#14 DaniaMombasa
Hiyo thảo quả ni nini kwa Kiswahili? Si iliki kubwa?

#15 MkaziWaHanoi
Ni ndugu wa iliki, kubwa kama tende, kahawia iliyokolea. Inalimwa milima ya kaskazini, Lào Cai na Hà Giang, na hukaushwa juu ya moto wa kuni ndiyo maana ina moshi. Iponde ipasuke, wengine hutoa mbegu na kubakiza ganda, moja inatosha sufuria nzima. Iliki ya kijani haina moshi, kwa hiyo haiwezi kukaa mahali pake. Ukikosa, acha wazi, moshi utaupata kwenye tangawizi na vitunguu vilivyochomwa.

#16 MkaaNaMajivu
Ambavyo mtoa uzi hakuchoma! Nimesoma #1 upya, ametupa vibichi. Hapa ndipo jiko la mkaa linapolishinda la gesi. Vitunguu viwili na maganda yake, tangawizi gramu 100 nzima bila kumenya, viweke moja kwa moja juu ya makaa, geuza kwa koleo dakika 10 hadi 15. Ganda la nje liwe jeusi tii, kitunguu kikibonyezwa kiwe laini na kitoe maji matamu pembeni. Kisha menya weusi wote, osha haraka, kwangua tangawizi kwa kijiko, ipige kwa ubapa wa kisu ifunguke. Ukiacha masizi supu inakuwa ya kijivu na ina uchungu.
Hatua hii ndiyo inayoondoa shombo la ng'ombe. Kitunguu kibichi kikichemka saa nne kinatoa harufu ya mchuzi wa kawaida. Kwa hiyo pilau yake mimi naiweka hapa.

#17 UtamuWaSupu
Mbona mnazunguka wote? Hakuna aliyetaja nước mắm. Mtoa uzi hakuweka, ndiyo maana hakupata ladha ya Vietnam, amepata ya nyumbani. Supu ya mifupa na viungo bila mchuzi wa samaki ni supu tu.

#18 DaniaMombasa
Nairobi na Mombasa chupa zipo kwenye maduka makubwa, ila nyingine ni chumvi tupu. Mtu anajuaje nzuri?

#19 Dagaa_Mchele
Soma kibandiko. Ya kweli ina vitu viwili: samaki na chumvi, pengine sukari kidogo. Ukiona maji ndiyo ya kwanza kwenye orodha, kisha rangi na viongeza ladha, hiyo imezimuliwa. Zilizotengenezwa kwa uangalifu huandika digrii za naitrojeni: 40 maana yake gramu 40 za naitrojeni kwa lita. Ya kupikia 25 hadi 30 inatosha, ya kuchovya tafuta 35 kupanda juu. Rangi iwe ya kaharabu, ukiinua chupa kwenye mwanga uone ng'ambo.
Inavyotengenezwa ni samaki anayeitwa cá cơm, sehemu tatu, na chumvi sehemu moja, kwa uzito, mwaka mzima au zaidi. Kisiwa cha Phú Quốc wanatumia mapipa makubwa ya mbao, na jina hilo limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2012. Phan Thiết nako kunajulikana sana.
Huyo cá cơm ni wa jamii moja na dagaa wetu wa baharini, wale wa Unguja. Dagaa wa Kigoma na wa Mwanza ni samaki wengine kabisa.

#20 Sufuria_Lita10
Kwa hiyo dagaa wa Unguja anaweza kuvundikwa nyumbani?

#21 Dagaa_Mchele
Mkavu, hapana. Dagaa wa Unguja huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kazi ya kuyeyusha nyama kuwa mchuzi inafanywa na vimeng'enya vya tumbo la samaki mwenyewe, na vikishachemshwa vimekufa. Utapata dagaa waliolowa.
Mbichi inawezekana, lakini awe ametoka baharini asubuhi ile ile, na chumvi ipimwe kwa mizani, gramu 330 kwa kilo. Chumvi ikipungua anaoza, na samaki aliyelala juani kabla ya kutiwa chumvi anajaa histamini inayowasha midomo na kuvimbisha uso, wala haiondoki kwa kuchemsha. Kwa sufuria moja ya phở, nunua chupa.

#22 UtamuWaSupu
Na kipimo: lita 4 za supu, nước mắm mililita 80, chumvi kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, sukari ya mabonge gramu 25. Jumla ya chumvi inakaribia gramu 10 kwa lita. Ukionja kijikoni utaona imezidi kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu tambi na nyama hazina chumvi na zitaizimua bakulini.
Tia mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa. Ikichemka muda mrefu harufu nzuri inapaa na shombo linabaki.

#23 MkaziWaHanoi
Hilo la kutia mwisho, wapishi wa hapa wamegawanyika. Wapo wanaoweka nusu mapema pamoja na mifupa ili shombo lipae lote na utamu ubaki, kisha nusu mwishoni. Nimeonja za namna zote mbili na zote ni nzuri. Ya mapema ni tulivu zaidi, ya mwisho inapiga pua.

#24 Mtafiti_wa_Jikoni
Nasaidia kidogo kwenye asili, maana nimeona watu wanaandika "pho" na kutamka "fo". Tamka karibu na "fa" ya kumung'unya, sauti ishuke kisha ipande kama mtu anauliza. Kuna wanaosema neno limetoka kwenye "feu" ya Kifaransa, ile ya pot-au-feu, supu ya ng'ombe yenye mboga, na kwamba hata kuchoma kitunguu kumetoka huko. Wengine wanasema limetoka kwa wachuuzi wa Kichina waliouza tambi za mchele na nyama ya ng'ombe, ambako neno la tambi hizo kwa Kivietnam husomeka "phấn". Wote wanakubaliana ni kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 20, na Nam Định na Hà Nội zinagombea utoto wake. Mwaka 2024 serikali ya Vietnam ilizitambua phở ya Hà Nội na ya Nam Định, kila moja kivyake, kuwa urithi wa taifa usioshikika.

#25 Karafuu_Tatu
Wafaransa waliacha mahitaji ya ng'ombe na mifupa buchani, hilo sawa. Lakini pot-au-feu ina karoti na liki, na tambi haina. Tambi, anisi na mdalasini ni Uchina mtupu. Mimi nasimama na wachuuzi.

#26 UtamuWaSupu
Mmesahau na mì chính, ile chumvi nyeupe ya kukoleza. Wakati wa vita na miaka ya mgao kulikuwa na phở isiyo na nyama, waliiita "phở không người lái", phở isiyo na rubani, kwa kufananisha na ndege za Marekani zisizo na rubani. Hapo utamu ulitoka kwenye mì chính. Mpaka leo vibanda vingi vinaweka. Nusu kijiko cha chai kwa lita 4 si dhambi.

#27 Shangazi_Mrehani
Si dhambi, ila mwenye uduvi na mkia wa ng'ombe haihitaji.

#28 TambiZaMchele
Mmeacha swali la tambi za #1 limelala. Tambi kavu HAZICHEMSHWI kama makaroni. Loweka kwenye maji ya kawaida, si ya moto, dakika 30 hadi 45, mpaka uzizungushe kidoleni zisivunjike. Maji ya moto yanalainisha nje, ndani ikabaki mbichi, ndiyo zinavurugika. Kisha sufuria kubwa ya maji yanayotokota, weka tambi za bakuli MOJA kwenye chujio lenye mkono, zamisha sekunde 15, inua, kung'uta maji vizuri, mimina bakulini. Bakuli la pili vivyo hivyo. Kavu gramu 75 kwa mtu, supu mililita 450. Tambi zikizidi supu, zinainywa.
Bakuli liwe limesuuzwa kwa maji ya moto. Supu imiminwe ikiwa inatokota, hasa kama juu kuna tái, nyama mbichi ya sarara iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Weka sarara kwenye friza dakika 30 ndiyo utaweza kuikata hivyo, na itandaze juu ya tambi, isirundikane. Ikirundikana inabaki mbichi katikati, na kwa nyama ya mitaani yenye joto la mchana mimi nashauri ichovywe kwanza kwenye kata ya supu mpaka igeuke rangi yote.

#29 DaniaMombasa
Tambi mbichi zinawezekana nyumbani? Huku kavu pana za phở ni shida, zipo zile nyembamba kama nywele.

#30 TambiZaMchele
Zile za nywele ni za bún, chakula kingine. Za phở mbichi anayejua kupika chila hazimshindi. Unga wa mchele gramu 200, wanga wa muhogo gramu 50, maji mililita 600, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko kimoja cha chakula. Koroga, pumzisha saa moja, na koroga tena kila unapomimina kwa sababu unga unatuama. Trei bapa ipakwe mafuta, ielee juu ya maji yanayotokota, mimina tabaka la milimita moja na nusu, funika dakika 2 hadi 3. Litavimba malengelenge makubwa, hapo limeiva. Trei iweke juu ya maji baridi, pakaza mafuta, bandua, rundika, kata upana wa nusu sentimita.
Zikikatika ovyo, wanga umepungua. Zikinata kama gundi, mchele ni wa mavuno mapya. Ukisaga mwenyewe, chukua mchele wa zamani, loweka usiku kucha.

#31 Shangazi_Mrehani
Na choroko, msizinunue chipukizi, otesheni. Loweka saa 8, weka kwenye chombo chenye matundu, funika kitambaa cheusi, suuza mara tatu kwa siku, siku 3 hadi 4. Juu yake weka sahani na jiwe. Uzito ndio unaozifanya nene na fupi, bila uzito zinatoka ndefu za nyuzi. Mwanga ukiingia zinakuwa kijani na chungu.

#32 Sufuria_Lita10
Nimerudi na majibu. Mifupa imelowekwa, imechemshwa na kumwagwa, imeoshwa. Goti kilo 1, mkia nusu, mguu nusu. Vitunguu na tangawizi vimechomwa juu ya mkaa. Anisi 5, mdalasini wa Unguja kijiti kimoja na nusu, karafuu 2, hakuna iliki. Majivu juu ya makaa, saa tano. Nước mắm mililita 80 mwishoni.
Supu ina rangi ya chai isiyo na maziwa, chini ya bakuli naona ua lililochorwa. Pilau imekwisha kabisa. Lakini harufu ya anisi nimeisikia sufuriani tu, bakulini imepotea. Mafuta niliyaengua yote mpaka uso ukabaki mkavu.

#33 Karafuu_Tatu
Umetoa kitambaa mapema. Ulikaa nacho dakika ngapi?

#34 Sufuria_Lita10
45 kama ulivyosema.

#35 Mtafiti_wa_Jikoni
Basi ni mafuta. Anetoli haipendi maji, inakimbilia mafuta. Ulipoengua yote umeitupa pamoja nayo. Bakiza vijiko viwili vya chai vya mafuta kwa kila bakuli.

#36 MkaziWaHanoi
Hapa kuna wanaoagiza nước béo kabisa, kibakuli cha mafuta ya supu chenye majani ya kitunguu, kwa hiyo #35 ana hoja. Ila nadhani saa tano za mfuniko wazi nazo zimechangia, na kama uliirudisha motoni baada ya kutoa kitambaa, harufu imepaa na mvuke.

#37 PreshaYaJikoni
Mfuniko wazi! #10 alisema mwenyewe kwamba presha inafunga kila kitu ndani.

#38 MkaaNaMajivu
Mifupa iache wazi, viungo vifunike. Ni dakika 45 tu za mwisho, supu haitachafuka ndani ya muda huo kama majivu yako yamekaa sawa.

#39 Shangazi_Mrehani
Na aisi yenyewe uliiangalia? Samahani, anisi. Ivunje pembe moja uinuse. Isipokupiga pua imekaa dukani muda mrefu, na hapo hata ukibakiza mafuta ya ng'ombe mzima haitanukia.

#40 Sufuria_Lita10
Nimeivunja sasa hivi. Tatu kati ya zilizobaki zinanukia, mbili hazina kitu, ni kuni. Jumapili nabakiza mafuta, nafunika dakika 45 za mwisho, na kila nyota naivunja kwanza.